Karakana za kujitolea: meza ipi imetandikwa kwa ajili yako?

Ukichungulia dirishani, zote zinafanana. Meza ndefu yenye jiriwa pembeni, ukuta uliotundikwa misumeno na bisibisi, watu watano au sita wameinamia kitu, na birika la chai halikosi. Ndiyo maana wengi hujiunga na ya kwanza iliyo karibu nao, wakahudhuria miezi miwili, kisha wakapotea bila kuaga. Kazi hawakuichukia. Waliketi tu kwenye meza iliyotandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kwa hiyo sitalinganisha wingi wa mashine. Nitauliza swali moja kwa kila aina: hapa anahudumiwa nani? Kuna karakana inayomhudumia fundi mwenyewe, yule anayeshika randa. Kuna inayomhudumia mwenye tosta iliyozimika. Nyingine humhudumia mtu mmoja ambaye mwili wake haupatani na vitu vya dukani, na nyingine inahudumia wazo ambalo bado limo kichwani mwako. Zana zaweza kuwa zilezile, lakini Jumamosi yako haitakuwa ileile.

Banda la wanaume dhidi ya Repair Café

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndizo zinazochanganywa zaidi, na ndizo zilizosambaa zaidi.

Mabanda yanayojulikana kama Men's Sheds yalianzia Australia. Huko, banda la uani ndipo mwanamume alipozoea kuhifadhi zana zake na kujifungia na shughuli zake. Akistaafu, akihamia nyumba ndogo au akifiwa na mke, banda linakwenda, na wenzake wa kazini nao wanakwenda. Mwaka 1993 Maxine Chaseling alianzisha The Shed katika mji wa Goolwa, Australia Kusini, ili wanaume wa aina hiyo wapate pa kukutana. Mwaka 1998 likafunguliwa banda la Tongala, jimboni Victoria, la kwanza kubeba jina la Men's Shed. Chama cha kitaifa kiliundwa mwaka 2007. Ireland ikafuata mwaka 2011 na Uingereza mwaka 2013. Australia pekee sasa ina zaidi ya mabanda 1,000.

Waliolianzisha walikuwa wameshaona jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kijiweni analijua: wanaume wengi hawafunguki wakiketishwa uso kwa uso. Wape ubao wa kusugua msasa, wasimame bega kwa bega macho yakiwa kazini, na baada ya nusu saa mmoja atasema daktari kamwambia nini. Ubao ni kisingizio. Viti vya bustani, vibanda vya ndege na meza za shule zinazotengenezwa humo ni vya kweli na vina faida kwa mtaa, lakini hata visipokamilika, banda limeshafanya kazi yake. Ndiyo sababu vyama vya mabanda vinazungumza zaidi habari za afya kuliko za useremala.

Hapo kuna tahadhari kwa mtu mwenye haraka. Ukiwa wewe ni wa kufika, kufanya na kuondoka, banda litakuudhi. Kiti kimoja chaweza kuchukua wiki sita kwa sababu kila mtu ana la kusema kuhusu mguu wake wa kushoto. Usijaribu kuwaharakisha, wewe ndiye uliyepotea njia.

Repair Café, yaani mkahawa wa matengenezo, ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Martine Postma, mwandishi wa habari wa Uholanzi, aliendesha ya kwanza Amsterdam tarehe 18 Oktoba 2009. Alichokuwa akikipiga vita ni taka, wala si upweke. Leo ziko zaidi ya 2,500 duniani, na nyingi zina ratiba moja: mara moja kwa mwezi, kwa muda wa saa tatu hivi, katika ukumbi wa kuazima. Mtu anafika na pasi, feni, suruali yenye zipu iliyokufa au redio ya babu. Anaandikishwa, anapewa namba, halafu anaketi pamoja na fundi. Hapa ndipo panaposahaulika: haachi kitu akaenda zake. Anakaa, anashika tochi, anaona kitu kinavyofunguliwa. Kikundi kinachoruhusu watu kuacha mizigo mlangoni na kuifuata jioni kimeshageuka duka la matengenezo la bure, na mafundi wake watachoka kabla ya mwaka kwisha.

Tofauti kubwa kwako wewe unayejitolea ni presha. Bandani ukikosea kipimo, unacheka na kuchukua ubao mwingine. Kwenye Repair Café mwenye kitu amekaa ubavuni mwako, foleni inakutazama, na huna hakika kama hiyo mashine ya kahawa itafunguka bila kuvunja kishikizo cha plastiki. Mashine za kahawa, kwa njia, ni miongoni mwa vitu vinavyoletwa kwa wingi zaidi, na ni fumbo kila moja kwa namna yake. Lazima uwe mtu anayeweza kusema "hiki kimenishinda" bila kuona aibu. Mimi namthamini fundi wa namna hiyo kuliko yule anayeng'ang'ania tosta saa mbili huku watu wanane wakisubiri.

Na ujuzi wenyewe? Watu huogopa kwamba bila cheti cha umeme hawana nafasi. Si hivyo. Mengi yanayoletwa yana ugonjwa mwepesi: waya uliokatika karibu na plagi, chujio lililoziba likafanya mashine ya kufyonza vumbi ijizime kwa joto, uchafu kwenye swichi. Lakini yapo mambo madogo yanayomtofautisha anayejua na anayebahatisha. Chukua fyuzi ya joto, ile inayojitoa mhanga ndani ya pasi au mashine ya kahawa ili nyumba isiungue. Mgeni atataka kuilehemu kwa risasi, na joto la lehemu litaiua palepale. Ndiyo maana huungwa kwa kubanwa na vibomba vidogo vya chuma. Na ole wake atakayeiruka kwa kipande cha waya ili chombo kiwake tu: ameondoa mlinzi akaacha mwizi. Vikundi makini pia hukataa kufungua oveni za maikrowevu, kwa kuwa kapasita yake, kile kifaa kinachohifadhi umeme, yaweza kubaki na volti elfu kadhaa hata plagi ikiwa imeshachomolewa.

Mshonaji naye asijione mgeni. Meza ya cherehani mara nyingi ndiyo yenye foleni isiyokatika, na ndiyo inayokosa watu wa kujitolea.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Repair Café inalo na banda halina. Vikundi vingi huandika kila kitu kilicholetwa: aina, umri, kilichoharibika, kilichozuia kitengenezeke. Orodha hizo huunganishwa na za vikundi vingine na kupelekwa mbele ya wanaotunga sheria. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji wa baadhi ya bidhaa, zikiwemo mashine za kufulia na simu, kuzirekebisha hata baada ya dhamana kwisha. Ukiwa mtu wa kukasirishwa na skrubu zenye vichwa vya ajabu na maganda yaliyogandishwa kwa gundi, kaa hapa. Hasira yako itapata pa kuandikwa. Kwa kipimo cha tatizo lenyewe, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Suala la riziki nalo linaulizwa, na ni haki kuulizwa: je, fundi anayeishi kwa kutengeneza redio atafanyaje mtaa ukipata mahali pa bure? Jibu la waasisi ni kwamba wanaokuja ni wale ambao wangetupa, wala hawakuwa njiani kwenda kwa fundi. Hilo ni kweli pale ambapo mafundi wameshakwisha. Palipo na fundi hai mwenye meza yake, naona kikundi kinapaswa kumpelekea kazi zinazokishinda na kumwalika afundishe kwa malipo. Kikundi ambacho hakijawahi kujiuliza swali hili mimi singejiunga nacho haraka.

Kifaa cha mtu mmoja

Sasa tuje kwenye aina ninayoiona imesahauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu haina ukumbi wala siku ya kukutana ya kuvutia macho.

Mwaka 1964, mhandisi wa kampuni ya kemikali ya ICI kaskazini mashariki mwa Uingereza, Pat Johnson, alitengeneza winchi ya kumnyanyulia dada yake aliyekuwa amepooza kwa polio. Vilivyokuwa vikiuzwa havikumfaa. Kutokana na hapo likazaliwa shirika la Remap, lenye vikundi vya wahandisi, maseremala na watu wa kujitolea wanaotengeneza kitu kimoja kwa ajili ya mtu mmoja, bure. Wana kanuni inayonipendeza: kama kitu kinapatikana dukani, hawakitengenezi. Wanashughulikia pengo tu. Mpini wa gita kwa mwenye mkono mmoja, kishikilia simu cha kufungwa kwenye kiti cha magurudumu, kijiko kilichopindishwa kwa pembe ambayo mkono wa mtu fulani unaweza kuifikia.

Kazi hii inaonekana ndogo hadi ujaribu. Kwanza hakuna mchoro. Unakwenda nyumbani kwa mtu, unakaa, unatazama anavyofungua mlango, unapima urefu wa kiti hadi meza, unamsikiliza. Mara nyingi mtaalamu wa afya ndiye anayekuita na anakuwepo. Kisha unarudi kwenye gereji yako, unatengeneza, unapeleka, na kinakataa. Kimekaa juu kwa sentimita mbili. Unarudi tena. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa uzuri wa kazi yake atapata shida hapa, kwa sababu kifaa bora ni kile kinachotumika kila siku, hata kiwe na sura ya gongo la mchungaji.

Ndugu wa karibu wa kazi hii ni e-NABLE, mtandao wa watu wa kujitolea wanaotengeneza mikono bandia. Richard van As, seremala wa Afrika Kusini, alipoteza vidole kwa msumeno mwaka 2011 na akatafuta mtu wa kumsaidia kutengeneza vingine. Alimpata Ivan Owen wa Marekani, mtengenezaji wa vikorokoro vya maonyesho, aliyekuwa ameweka mtandaoni video ya mkono mkubwa wa kimakanika. Kushirikiana kwao kulizaa mkono bandia wa mtoto ambao Owen aliuachia michoro wazi mwaka 2013 badala ya kuufungia hataza. Tangu hapo watu wa kujitolea wamekuwa wakichapisha sehemu zake kwa printa za 3D wakiwa majumbani mwao. Unakunja kifundo cha mkono, nyuzi zinavutika, vidole vinafumba. Hauna betri wala mota. Mtoto akikua, unachapisha mwingine mkubwa zaidi.

Lakini usikubali picha za tabasamu zikudanganye. Mkono huo unamfaa mwenye kifundo kinachokunjika, haubebi mzigo mzito, na si kila mtoto ataupenda. Wapo wanaoutia kabatini baada ya wiki moja kwa sababu wameshajua kuishi bila huo. Unayetaka kujiunga jiulize kama utaweza kupokea habari hiyo bila kununa. Mwili si wako.

Baina ya Remap na e-NABLE, tofauti ya kweli ni umbali. Ya kwanza inakuweka sebuleni kwa jirani. Ya pili yaweza kukuunganisha na mtu wa bara jingine ambaye hutamwona. Mimi ningechagua sebule. Vipimo vinavyotumwa kwa picha vina tabia ya kuongopa.

Maabara za kutengeneza karibu kila kitu

Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT alianza kufundisha mwaka 1998 kozi ya namna ya kutengeneza karibu kitu chochote, akashangaa kuona wanafunzi wa sanaa nao wamejaa darasani. Kutoka humo zikatoka Fab Lab: vyumba vyenye kikataji cha leza, printa ya 3D, mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta na meza ya vifaa vya kielektroniki, vyote vikifuata mkataba mmoja wa uendeshaji. Karibu nazo zipo karakana za wanachama, zile za watu wa kompyuta, kama c-base ya Berlin iliyoanza mwaka 1995, ambazo huendeshwa kwa ada na wenyewe kwa wenyewe.

Kuzipanga pamoja na karakana za kujitolea kunahitaji uangalifu. Hapa wewe ndiye unayehudumiwa kwanza: unaleta wazo, unafundishwa mashine, unatengeneza chako. Jamii inafaidika pale wanachama wanapoamua iwe hivyo, kama walivyoamua wengi mwaka 2020 walipochapisha ngao za uso kwa ajili ya wahudumu wa afya. Usijiunge ukidhani utakuta foleni ya majirani wanaokuhitaji. Jiunge ukitaka kujifunza, na ukishajua, beba ujuzi huo upeleke kwenye meza nyingine.

Jambo moja la kupima ustadi wa maabara: waulize kama wanakata PVC kwa leza. Wakijibu ndiyo, ondoka. Plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi yenye klorini inayounguza mapafu na kutafuna mashine yenyewe. Chumba chenye watu wanaojua kitakuwa kimeandika ukutani orodha ya vitu visivyogusa leza, na hakuna atakayeiacha ikikata akaenda kunywa chai.

Nyingine kwa ufupi

Maktaba za zana zinaazima keekee na ngazi kama maktaba nyingine zinavyoazima vitabu. Ya Berkeley, California, iko tangu mwaka 1979. Kujitolea huko ni kazi ya kaunta, kunoa, kupaka mafuta na kukumbusha watu warudishe. Inamfaa mwenye mpangilio kuliko mwenye ubunifu.

Karakana za baiskeli za kijamii humfundisha mwenye baiskeli aitengeneze mwenyewe. Ndizo zenye vijana wengi na ndizo rahisi kuingia bila ujuzi, kwani breki na mnyororo hujifunzwa kwa mchana mmoja.

Kisha kuna wanaofufua zana kuukuu. Tools for Self Reliance ya Uingereza imekusanya kwa miaka mingi randa, patasi na cherehani zilizoachwa, watu wa kujitolea wakaziondoa kutu, wakazinoa na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo, zikiwa zimefungwa kwa seti za fani moja moja. Ni kazi ya kimya na tupa, nzuri kwa asiyependa wateja.

Ukiwa bado unasita

Mstaafu ambaye nyumba imekuwa kimya mno, aende bandani, hata kama hajawahi kugonga msumari. Mama ambaye amesoma jina la Men's Shed akageuka, asikate tamaa kabla ya kuuliza: baadhi sasa hupokea wanawake, mengine yana siku yao, na mengine yameshabadili jina kuwa banda la jamii. Mwenye kazi ya mwajiri, watoto na saa tatu tu za ziada kwa mwezi, Repair Café imekatwa kwa kipimo chake. Mtu mpole, mvumilivu, asiyetafuta makofi, atafute kikundi cha vifaa vya walemavu. Wanamhitaji kuliko anavyodhani. Kijana anayetaka ujuzi wa kumpatia kazi baadaye, maabara au baiskeli.

Fedha zisikuamulie. Mabanda na maabara huwa na ada, Repair Café huwa na kopo la michango, Remap hukurudishia gharama za vifaa. Kinachogharimu zaidi ni siku zako, na banda ndilo linalozidai kuliko zote: mara mbili au tatu kwa wiki si ajabu.

Kabla ya kusema ndiyo, uliza mawili matatu. Nani amelipia bima, na inamfunika mtu wa kujitolea au mgeni tu? Nani anaruhusiwa kuwasha msumeno wa meza, na alijaribiwa lini? Vumbi la mbao linafyonzwa kwa bomba au linaachwa lielee? Hili la mwisho si usafi tu: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Karakana inayokupa miwani ya kinga lakini haina barakoa imejali nusu.

Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Kikundi kizuri hufanya hivyohivyo: siku ya kwanza unatazama, ya pili unashikilia, ya tatu una kazi yenye jina lako. Ukiona wiki ya nne bado unaosha vikombe huku wawili wakigombea keekee, umeshajua fahali wa zizi hilo ni nani.

Na ukienda kuchunguza, nenda saa ya kufunga, usiende saa ya kufungua. Mwanzoni kila mtu ni mkarimu. Saa ya kufunga ndipo utakapoona kama mwenye feni isiyotengenezeka anasindikizwa hadi mlangoni au anaachwa aikusanye mwenyewe, na ni nani anayeshika ufagio.